Kicheche na Harufu Isiyo Yake

Masikio, njooni!

Tumekuja!

Na midomo?

Imefungwa!

Na pua je?

Hizi hapa!

Zishikeni vizuri basi, maana leo nawapitisha mahali pananuka, na sitaki kesho mzazi yeyote aje kunilaumu.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakivaa vilemba na kukaa barazani, palikuwa na bwawa kubwa. Upande mmoja wa bwawa palikuwa na kijiji kinaitwa Joshini, kwa sababu upepo ulianzia huko. Upande wa pili palikuwa na kijiji kinaitwa Demani, kwa sababu upepo uliishia huko. Na upepo wa nchi ile ulikuwa mkaidi. Asubuhi unatoka Joshini kwenda Demani. Mchana unatoka Joshini kwenda Demani. Na jioni? Semeni wenyewe. Naam, mmesema, mimi sikuwalazimisha.

Wanyama wa Joshini walikuwa wachapakazi. Walivua samaki, walikamua ufuta wakapata mafuta, walilowesha makumbi ya nazi wakasokota kamba. Kazi nzuri, siwalaumu. Lakini matumbo ya samaki walitupa wapi? Bwawani. Mashudu yaliyobaki kwenye kinu? Bwawani. Makumbi yalioza wapi mpaka yakawa meusi? Bwawani. Na choo cha kijiji kizima, nasema polepole kwa sababu hapa kuna watu hawajala, nacho kilijengwa juu ya bwawa.

Jumbe wa Joshini alikuwa Tembo. Watu wakimuuliza, "Jumbe, uchafu wote huu kwenye maji, hautaleta harufu?" Tembo alikuwa akiinyanyua pua yake juu, anavuta upepo mwanana wa nyuma ya kijiji, anasema, "Nani hapa ana pua ndefu kuliko yangu?"

"Hakuna, Jumbe."

"Basi kama harufu ingekuwepo, ningeisikia mimi kwanza. Tupeni."

Wakatupa.

Sasa twende Demani. Huko aliishi Kicheche na mkewe na watoto wake. Kicheche mnamjua: mdogo, mweusi, ana michirizi myeupe mgongoni. Ukimchokoza hutoa harufu ya kumfanya chui ajute kuzaliwa. Lakini huitoa akitaka mwenyewe, na huyu Kicheche wetu alikuwa hajaitoa tangu kabla ya kuoa. Alikuwa baba wa watu, mstaarabu, ana bustani yake ya mchicha.

Harufu ilipofika Demani, ilikuja kidogo kidogo, kama yai lililosahauliwa kapuni. Kisha ikakaa. Ukipika maharage, yananuka bwawa. Ukipika wali wa nazi, unanuka bwawa. Usipopika kitu, basi njaa yenyewe inanuka bwawa.

Na mambo hayakuishia puani. Macho yakaanza kuwasha. Vichwa vikauma. Kisha vikaja vikohozi, kimoja kikimjibu kingine, nyumba kwa nyumba. Punda, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kijiji, akawa hawezi kumaliza ubeti.

Lakini aliyeumia kuliko wote alikuwa Mize, binti mdogo wa Kicheche. Kifua chake kilipiga filimbi. Akicheka, anakohoa. Akikimbia kidogo tu, anakaa chini anatafuta pumzi, mabega yanapanda na kushuka. Kicheche akimwangalia moyo unamkatika. Hakutaka kitu kingine duniani ila mtoto yule apumue.

Siku moja Bi Kanga akaita baraza. Bi Kanga ndiye aliyekuwa mkuu wa Demani, mama wa madoadoa, ana sauti ya kusikika vijiji vitatu. Akasimama akasema, "Jamani, katika kijiji hiki kuna mtu ananuka."

Hakuna aliyemtaja mtu. Shingo zote ziligeuka upande mmoja, zikatosha.

Kicheche akainuka. "Bi Kanga, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa huko huko uliko."

"Harufu hii si yangu. Yangu naijua. Yangu ina adabu: ikiitwa inakuja, ikimaliza kazi inakwenda zake. Hii inalala humu, inaamka humu. Mimi sijafundishwa hivyo kwetu."

"Wenye vikwapa wote husema hivyo," akasema Punda, kisha akakohoa mpaka masikio yakatikisika.

Baraza likakata shauri Kicheche aoshwe. Wakachemsha majani ya mrehani, wakatafuta dodoki jipya. Aliyepewa kazi ya kusugua ni Punda, na Punda hajui kusugua taratibu. Kicheche alitoka pale mchovu, michirizi yake inang'aa kama sahani za harusi. Bi Kanga akanusa hewa. Harufu ipo.

Wakasema, basi afukizwe. Wakamkalisha juu ya kigoda, wakaweka chetezo cha udi chini yake, wakamfunika shuka zito mpaka moshi ukatoka masikioni. Kicheche akatoka ananukia kama bwana harusi. Mkewe akamtazama kwa jicho ambalo alikuwa hajalitumia tangu fungate. Bi Kanga akanusa hewa. Harufu ipo.

Wakasema, basi ahame.

"Tangulia wewe," Bi Kanga akamwambia. "Tukiona afadhali, mkeo na watoto watakufuata, na ile nyumba tutaichoma ili harufu isirudi. Usituchukie. Na sisi tuna vifua."

Kicheche alisimama pale katikati ya majirani zake. Hawa ndio aliokula nao, ndio aliowabebea watoto wao wakati wa mafuriko. Iliuma sana. Alitaka kusema maneno mengi, akasema moja tu. "Naomba nimchukue Mize. Huyu akikohoa hujua kutulia kwangu tu."

Wakamkubalia. Akampandisha mtoto mgongoni, akaondoka.

Njia ya pekee ilizunguka bwawa, ambako tangu vikohozi vianze hakuna mtu wa Demani aliyeshuka tena. Walipolikaribia, Kicheche akaona mambo. Maji yalikuwa ya kijani, yamevaa povu zito, na kila baada ya muda yanacheua, bwu, kisha yanatulia, kisha bwu, kama mlevi aliyelala chali. Hapo Mize alikohoa kuliko siku zote. Kicheche akamfunika uso kwa jani la mgomba, akapiga mbio na machozi yanamtoka.

Wakazunguka bwawa. Walipofika upande wa Joshini, kila hatua filimbi ya kifua cha mtoto ikawa inapungua. Mwisho Mize akaondoa lile jani usoni, akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Hakukohoa.

"Baba," akasema, "hewa ya huku tamu."

"Unaionaje kifuani?"

"Nina njaa."

Mtoto yule alikuwa hajataka chakula tangu masika. Kicheche akageuka pembeni, akajifanya anatafuta matunda, kumbe analia.

Alipomaliza kulia akaanza kufikiri. Upepo huu ndio unaokwenda kwetu. Hapa msafi. Kwetu mchafu. Katikati unapita wapi? Akalitazama bwawa. Bwawa likajibu, bwu.

Kicheche hakupoteza wakati. Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe.

"Jumbe, shikamoo. Bwawa lenu linanuka, na upepo unatuletea sisi. Watoto wetu wanakohoa, hawalali."

Tembo alimtazama. Akawatazama wazee wake. Kisha akacheka mpaka kigoda kikalia chini yake. "Jamani, njooni mwone. Kicheche amekuja kunifundisha mimi habari ya kunuka."

Kijiji kizima kikacheka. Kicheche akarudi zake.

Mara ya pili akachota maji ya bwawa kwa kata, akaja nayo mpaka barazani, akaiweka mbele ya Jumbe. Safari hii harufu ilisikika. Wote wakaziba pua.

"Mmeisikia?" akauliza Kicheche.

"Tumeisikia," wakasema. "Sogea mbali, bwana, unanuka."

"Si mimi, ni haya maji."

"Mbona kabla hujaja hayakunuka?"

Niambieni nyinyi, wenye akili zenu, mngejibu nini? Alijua kwamba hata angelia damu, mtu aliyekaa mahali pasafi hatamwamini. Ilibidi Tembo ashuke mwenyewe, pua yake yote, mpaka Demani.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi, sikilizeni vizuri. Kijiji kikitaka kumheshimu jumbe, humkalisha kwenye kiti cha sifa, kisha humwimbia beti saba. Wimbo ukikatika katikati, kwa sababu yoyote, lazima uanzwe upya, kwani sifa zilizokatika ni matusi. Na yule anayesifiwa haruhusiwi kuinuka mpaka beti zote saba zimekwisha. Akiinuka kabla, anavua kilemba, anakiacha kitini, na cheo chake cha ujumbe kimekwisha siku hiyo. Tembo alikuwa ameimbiwa kila kijiji isipokuwa Demani, na jambo hilo lilimkereketa.

Mara ya tatu Kicheche akaenda, akainama mpaka chini. "Jumbe, tumekukosea. Watu wa Demani wanataka kukukalisha kwenye kiti cha sifa, wakusifu kwa upepo unaotuletea."

Tembo akajikuna shingo asionekane amefurahi. "Mmechelewa," akasema. "Lakini nitakuja."

Kicheche akamwacha Mize kwa bibi mmoja wa Joshini, Bi Pimbi, aliyekuwa akimlisha uji wa mtama, akakimbia kwao. Bi Kanga akamkuta mlangoni pa kijiji.

"Wewe si tulikuhamisha?"

"Mlinihamisha, mama. Harufu imepungua?"

Bi Kanga akatazama chini. "Imezidi."

"Basi anayenuka ni nani?"

Kicheche akamweleza yote, ya bwawa na upepo na kifua cha Mize. Bi Kanga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tukipeleke wapi hicho kiti?"

"Ufukweni, mama. Mbele kabisa. Mgeni wa heshima hakai nyuma."

Siku ikafika. Tembo akaja na kilemba kipya, amefuatana na mpambe wake, Tumbili. Demani nzima ilikuwa imepanga mstari ufukweni, macho mekundu, wanakohoa ndani ya viganja. Tembo akaketi. Uso wake ukabadilika kidogo, lakini Punda alikwisha anza:

*Jumbe Tembo, mwenye pua,*
*pua ndefu kama njia,*
*upepo anautoa,*
*Demani atuletea.*

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katika wa tatu Punda akashikwa na kikohozi, akainama, akakohoa mpaka akapiga magoti.

"Samahani, Jumbe," akasema Bi Kanga. "Tunaanza upya."

Tembo akaipandisha pua juu kukwepa ile harufu. Kumbe huko juu ndiko upepo ulikopita wenyewe. Akaishusha haraka, akaiingiza kwapani.

Wakaanza tena. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Katika ubeti wa tano Mbuzi wa kuitikia akakohoa, akamwambukiza jirani yake, na kikohozi kikaenda kwenye mstari mpaka mwisho kikarudi.

"Samahani, Jumbe. Tunaanza upya."

Tembo sasa macho yalikuwa yanamtoka maji. Akaichomoa pua kwapani, akaitia mdomoni mwake, akawa anapumua kama kiriba kilichotoboka. Wakaanza. Waliimba kwa nguvu zao zote, wakafika wa nne, wakafika wa sita, wakaingia wa saba. Tembo akahesabu mistari kwa jicho. Umebaki mmoja. Punda akavuta pumzi aumalize, na palepale mtu akakohoa kwa kishindo, vifaranga vya Bi Kanga vikaanguka chali.

Aliyekohoa ni Tembo.

"Samahani, Jumbe," akasema Bi Kanga kwa upole kabisa. "Tunaanza upya."

"Ngojeni." Tembo alikuwa anahema. "Ni nani anayenuka hapa?" Akamwona Kicheche amesimama ubavuni mwa kiti. "Ni huyu. Mtoeni huyu."

"Ninuse, Jumbe," akasema Kicheche. "Usiogope. Ninuse karibu."

Tembo akaleta pua yake polepole, tayari kukimbia. Akaiweka kwenye manyoya ya Kicheche. Akavuta kidogo. Akavuta sana. Udi na mrehani, jamani, vilikuwa bado vimo. Tembo akafumba macho. Akaitoa pua akajaribu hewa ya nje, akakohoa, akairudisha upesi kwenye mgongo wa Kicheche na hakuitoa tena.

"Katika kijiji hiki kizima," akasema kutoka mle manyoyani, "anayenukia ni huyu peke yake."

Bi Kanga alisikia. Punda alisikia, akakumbuka lile dodoki, akaangalia kwato zake.

"Jumbe," Kicheche akasema, na sasa hakuwa na mzaha, "wewe umekaa hapa asubuhi moja. Mwanangu alikaa hapa tangu siku aliyozaliwa. Hajui kucheka bila kukohoa. Na wewe una kilemba, una kijiji cha kurudi. Yeye angerudi wapi?"

Tembo hakuwa na kicheko tena. "Wimbo huu utakwisha lini?" akauliza taratibu.

"Waimbaji wakipata pumzi."

"Watapata lini?"

Bwawa likajibu, bwu.

Tembo akamwita Tumbili. "Nenda Joshini. Waambie waache kazi zote walisafishe bwawa."

Tumbili akaenda, akarudi. "Wamesema hawasikii harufu yoyote. Wamesema Jumbe mwenyewe ana pua ndefu, ingekuwepo angeisikia."

"Waambie nimeisikia."

Tumbili akaenda, akarudi. "Wanasema labda umekaa karibu na Kicheche."

"Waambie waje," akanguruma Tembo, akakohoa, akarudisha pua mahali pake. "Waje watatu watatu, wakae hapa ubavuni mwangu."

Wakaja watatu wa kwanza wakicheka. Wakaketi. Wakanyanyuka hawacheki, wakakimbilia majembe. Wakaja watatu wengine. Watatu wa mwisho hata hawakufika kitini. Walipofika nusu ya njia waligeuka wakaenda kuchimba.

Ikawa kazi. Wakayavuta makumbi yaliyooza, wakachimba mashimo ya matumbo ya samaki mbali na maji, mashudu wakawapelekea wenye kufuga, na kile choo wakakivunja wakakijenga nchi kavu. Na siku zote hizo Tembo alikuwa wapi? Kitini. Alilishwa palepale, alilala palepale, na pua yake juu ya Kicheche, ambaye naye ilibidi afukizwe udi kila asubuhi ili Jumbe asife.

Taratibu maji yakaacha kucheua. Povu likapungua. Asubuhi moja Demani ikaamka, mtu akapika maharage, na yakanuka maharage. Watu walitoka nje na sufuria zao wakanusa na kutazamana.

Punda akaja ufukweni, akaimba beti saba kwa pumzi moja, pamoja na mbwembwe zake za mwisho ambazo hazimo katika wimbo. Tembo akainuka, magoti yanalia, kilemba kichwani. Akatoa amri moja kabla ya kwenda kwake: mnyama yeyote wa Joshini atakayetaka kutupa kitu bwawani, kwanza aje Demani apike maharage yake huko, ayale huko, kisha ndiyo akatupe. Hakuna aliyetupa.

Bi Kanga akaenda nyumbani kwa Kicheche. "Mwanangu," akasema, "tulikuonea. Tulitafuta mwenye jina la kunuka, hatukutafuta harufu inakotoka. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," akasema Kicheche. "Punda nitamsamehe mgongo ukipona."

Mize akarudishwa kwao, amenenepa kwa uji wa Bi Pimbi. Mchana ule akacheza na vifaranga, akachoka, akalala mkekani. Kicheche alikuwa bustanini anapalilia mchicha. Ghafla akaacha jembe. Ndani kulikuwa kimya. Tangu mtoto yule azaliwe, hajawahi kulala bila filimbi ya kifua kusikika mpaka nje. Kicheche akakimbia, moyo uko mdomoni, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha binti yake.

Mize alikuwa anapumua. Anavuta, anashusha, bila sauti.

Kicheche akakaa pale mkekani mpaka jua likashuka, anasikiliza ule ukimya, mchicha wake umesahauliwa.

Basi wanangu, fundisho ni hili. Maji ukiyachafua hayanyamazi. Huupa upepo uchafu wako, na upepo huupeleka kwenye kifua cha mtu usiyemwona. Kwa hiyo kabla ya kutupa, tazama upepo unakwenda kwa nani. Na kabla ya kumfukuza jirani kwa kuwa ananuka, tazama upepo unatoka wapi.

Hadithi yangu imefika mwisho. Mwenye masikio aende nayo kwao, mwenye pua akanuse nyuma ya nyumba yake, na mimi mniletee maji ya kunywa, yawe safi.